Kalamu Imeondolewa Juu Yake, Haikuondolewa Juu Yetu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba katika udhaifu, akatupa nguvu, kisha akaturejeza katika udhaifu ili tujue kuwa nguvu hazikuwa zetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Limeletwa darasani swali ambalo tumeona si vyema kulijibu mbele ya watu wachache walioketi msikitini na kuwaacha walio majumbani, ambao ndio wenye jambo lenyewe. Muulizaji ni mtu wa makamo, mwenye kazi yake na watoto wake. Asema kuwa mama yake ni mzee, na kwa miaka kadhaa sasa akili yake imekuwa ikimtoka kidogo kidogo, hata leo hamjui mwanawe. Akimuona humuita kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa zamani. Mama huyo yuko kwa dada yake muulizaji, na yeye hupeleka fedha kila mwisho wa mwezi. Auliza mambo mawili. La kwanza, ikiwa mama hamjui, wala hakumbuki baada ya saa moja kuwa alikuja, je! kuna wajibu gani wa kwenda kukaa naye? La pili, je! fedha anazopeleka hazikumtoa katika deni lake, maadamu dada yupo na amejitolea?

Swali hili si la mtu mmoja. Katika miji yetu ya pwani, ingia mtaa wowote, hutakosa nyumba ambayo ndani yake mna bibi anayeswali alasiri mara tatu kwa kusahau kuwa ameswali, anayeficha tasbihi yake ndani ya chungu cha mchele kisha awatuhumu watu kuwa wameiiba, anayetaka kutoka usiku bila ya buibui kwenda nyumba aliyozaliwa, nayo ilivunjwa zamani. Na katika nyumba hiyo hiyo hutakosa mwanamke mwengine, bintiye au mkaza mwana wake, ambaye hajalala usiku mzima tangu mwaka juzi. Wanaume wa nyumba hiyo utawakuta barazani. Basi jambo hili lina wanawake wawili: anayeugua na anayeuguza. Na kila mmoja ana haki, na haki za wote wawili zapotea katika mikono yetu.

Wanavyuoni wamesema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu hicho. Basi tuujue kwanza ugonjwa wenyewe.

Waarabu huiita hali hii kharaf, na sisi husema fulani amerudi mtoto. Madaktari huiita dimenshia, nao waeleza kuwa si ugonjwa mmoja, bali ni hali inayoletwa na maradhi mengi yanayoharibu ubongo. Yaliyo mengi zaidi ni maradhi ya Alzheimer, ambayo ni baina ya asilimia 60 na 70. Mengine huletwa na kuharibika mishipa ya damu ya ubongo, kama itokeavyo kwa wenye shinikizo la damu na waliopatwa na kiharusi. Jina hilo ni la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyewaeleza wenziwe mwaka 1906 khabari za mgonjwa wake mmoja. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamke, jina lake Auguste Deter, aliyeingizwa hospitali mjini Frankfurt mwaka 1901 naye ana miaka 51 tu. Alipokufa mwaka 1906 tabibu aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona umesinyaa na umejaa uchafu usiokuwamo katika ubongo wa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka mia moja tangu ionekane kwa macho kuwa hili ni gonjwa la kiungo, kama lilivyo gonjwa la moyo au la ini.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na hali hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Na shirika hilo lataja mambo mawili yanayotukhusu leo: kwamba wanawake huumia na kufa kwa ugonjwa huu zaidi kuliko wanaume, na kwamba katika kila saa 100 za kuwauguza wagonjwa hawa, saa 70 ni za wanawake. Sababu mojawapo ya hilo la kwanza ni kuwa wanawake huishi umri mrefu zaidi, na umri ndio mlango mkubwa wa ugonjwa huu. Mume hufa akiuguzwa na mkewe. Mke huyo akifikia zamu yake, mume hayupo. Ama hilo la pili, la saa 70, halikuletwa na umri wala na maumbile. Tumelileta sisi, na tutalirejea.

Lakini kabla ya matabibu, Mola wetu ametutajia hali hii katika Kitabu chake. Katika Sura ya Nahli, aya ya 70, na Sura ya Haji, aya ya 5, ametueleza kuwa miongoni mwetu wako watakaorudishwa kwenye umri dhalili, hata wasijue kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Na imethibiti katika Sahihi ya Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu asirudishwe kwenye umri huo. Tazameni basi: jambo ambalo mbora wa viumbe aliliombea kinga si jambo la kuchekwa, wala si alama ya dhambi ya mwenye kupatwa nalo. Ni mtihani, na humpata mcha Mungu kama humpata asiye mcha Mungu.

Sasa twende kwenye swali la kwanza. Je! haki ya mama husimama juu ya kumbukumbu zake?

Katika Sharia yetu, mambo mawili hutengana hapa ambayo watu huyachanganya: taklifu na haki. Taklifu ni kule mtu kuamrishwa na kukatazwa na kuandikiwa. Sharti lake ni akili. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrejee, na Abu Daud ametaja katika riwaya moja mzee aliyepungukiwa na akili. Kwa hiyo mama ambaye akili imemtoka kabisa hana swala wala saumu ya kudaiwa, wala watoto wake wasimtese kwa kumsimamisha na kumrejesha rakaa. Kama akili humjia na kumtoka, basi huandikiwa zile nyakati anapokuwa nayo. Akitukana, hana dhambi. Akituhumu kuwa ameibiwa, hana dhambi. Hilo ndilo lililoondoka.

Ama haki, haikuondoka hata moja. Haki haikuwekewa sharti ya akili; ingalikuwa hivyo, mtoto mchanga asingekuwa na haki yoyote juu ya wazazi wake. Ndiyo maana katika madhehebu ya Imamu Shafii mali ya aliyepotewa na akili hubaki ni yake, na zaka yake hutolewa na anayemsimamia. Sitara yake ni sitara. Heshima yake ni heshima. Na katika Sura ya Israi, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu alipotukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa nao, hakusema ni wakati wanapotushauri vyema na kutupa radhi zao. Ametaja khasa wakati wanapofikia uzee nao wako kwetu. Yaani aya imeteremka kwa ajili ya saa hiyo hiyo ambayo muulizaji adhani wajibu umekwisha. Kumtii mama mwenye akili na fedha na ulimi mtamu ni jambo jepesi, na wala haijulikani kama twamfanyia yeye au twajifanyia sisi. Mama asiyetujua hana cha kutulipa: hatatusifu mbele ya jirani, wala hatatuombea dua ya kujua anachosema. Basi wema anaofanyiwa huyu ndio wema uliosafika.

Na tukumbuke kuwa sisi nasi hatukumjua. Alitubeba katika udhaifu juu ya udhaifu, kama isemavyo Sura ya Luqman, akatunyonyesha na kutusafisha usiku, nasi hatukujua jina lake, wala leo hatukumbuki siku moja katika siku hizo. Je! mama yetu alisema kuwa mtoto huyu hanijui, basi kuna faida gani kukaa naye?

Tena si kweli kuwa hana faida nako. Wenye kuuguza wagonjwa hawa wajua, na matabibu wameshuhudia, kuwa mgonjwa husahau neno na jina, lakini utulivu alioupata, au hofu aliyotiwa, hubaki moyoni mwake baada ya kusahau ilikotoka. Mama anayesomewa Qur'ani kwa sauti aliyoizoea, au aliyeshikwa mkono na mtu mpole, hutulia. Aliyekemewa hubaki na hofu siku nzima, asijue ahofu nini.

Hapa huulizwa jambo moja zito, na wanaoliuliza zaidi ni wanawake. Mama auliza kila jioni mumewe yuko wapi, naye amekufa miaka ishirini iliyopita. Akiambiwa amekufa, hulia kilio cha siku ya kwanza; kesho huuliza tena. Je! aambiwe kweli, au adanganywe? Twasema: uwongo ni haramu, na asili hiyo haibadiliki. Lakini kusema kweli si lazima kuwe ni kumpiga mtu msiba mpya kila siku. Sharia imetupa njia ya tauria, nayo ni kusema neno la kweli lenye maana zaidi ya moja, lisilomuumiza msikiaji. Aambiwe: huyo baba alikuwa mtu mwema, hebu tukhadithie mlivyooana. Na wanavyuoni, kwa hadithi ya Ummu Kulthum, hawakumhisabu kuwa ni mwongo mwenye kutengeneza baina ya watu kwa neno jema. Basi binti aliyemtuliza mama yake kwa neno la upole asijitese akadhani ameandikiwa uwongo.

Kuna dhulma nyingine humpata mgonjwa huyu, nayo sisi watu wa pwani tuna fungu kubwa ndani yake. Mwanamke mzee akianza kusema peke yake, au kutangatanga usiku, husemwa ana pepo. Huletwa mganga, hupigwa ngoma, hufukizwa, huchinjwa kuku, na fedha ambazo zingempeleka hospitali zikaliwa. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake siku arubaini. Na baya kuliko hilo ni kuambiwa kuwa yeye mwenyewe ni mchawi. Katika nchi ya Kilifi, jirani zetu hawa, wazee wamekuwa wakifukuzwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Na huko Kisii, Oktoba 2021, vikongwe wanne wa kike waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma hiyo hiyo. Kizee aliyepotea njia usiku akasimama mlangoni mwa mtu asiyemjua, hakuja kuroga. Amepotea. Mwenye kumuinulia mkono ameinua mkono juu ya mtu ambaye hata kalamu ya malaika imemuacha.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Wako wanaoishika hadithi hii na kusema, huu ni uzee, hauna dawa, basi muacheni. Hawakufahamu. Uzee ni jambo moja na kuharibika kwa ubongo ni jambo jingine. Wako wazee wa miaka tisini wanaosomesha. Tena katika hali zinazofanana na kharaf ziko zinazotibika: kupungua kazi ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, huzuni kubwa baada ya kufiwa, dawa zilizochanganywa vibaya. Na mzee aliyekuwa mzima jana akavurugikiwa leo kwa ghafla, huenda ana maradhi ya njia ya mkojo au homa nyingine, naye yapasa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Ama Alzheimer yenyewe, haijapatikana dawa ya kuiondoa. Ziko dawa za kupunguza baadhi ya taabu zake. Atakayejua ni daktari, si sisi barazani.

Tumefika kwenye swali la pili, nalo ndilo zito zaidi, kwani ndani yake mna mtu ambaye muulizaji amemtaja kwa maneno machache tu: dada amejitolea.

Je! amejitolea, au ameachiwa? Mara nyingi hapakuwa na siku iliyokaliwa kikao, ndugu wote wakashauriana, naye akasema nipeni mimi. Lililotokea ni kuwa ndugu wa kiume walikuwa na kazi, na ndugu wa kike walioolewa walikuwa na waume zao, akabaki aliyeachika au mjane au asiyeolewa, akaonekana kuwa hana shughuli. Akaacha biashara yake ndogo ya vitafunio, au akaacha kazi ya kusomesha. Mchumba akija, huambiwa, na mama atabaki na nani? Mgongo wamuuma kwa kuinua, usingizi haujui, na jirani wakija humwambia kuwa pepo yake iko mkononi. Waswahili wamesema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sisi twasema hivi. Pepo hiyo iko hapo, hatuikanushi. Lakini ewe unayemsifia dada yako malipo hayo makubwa, mbona wewe huyakimbilii? Hatujapata kuona mtu akielezwa khabari ya duka lenye faida kubwa akasema, muachieni dada.

Tuangalie amri yenyewe imewekwa juu ya nani. Haikuwekwa juu ya mabinti. Imewekwa juu ya mtoto, na mtoto ni mwanamume na mwanamke. Na ukitazama mifano iliyoletwa na Sunna, utastaajabu. Yule katika watu watatu waliofungiwa pangoni, aliyesimama usiku kucha na maziwa mkononi akingoja wazazi wake waamke, alikuwa mwanamume. Uwais Al-Qarani, ambaye Mtume (s.a.w.) aliwaeleza sahaba zake khabari zake, akataja katika sifa zake wema wake kwa mama yake, alikuwa mwanamume. Yule mtu wa Yaman aliyembeba mama yake mgongoni akitufu naye Al-Kaaba, akamuuliza Ibn Umar kama amemlipa, akajibiwa kuwa hajalipa hata uchungu mmoja wa uzazi, alikuwa mwanamume. Na aliyekuja kutaka kwenda vitani akaulizwa kama wazazi wake wako hai, kisha akaambiwa arudi akapigane jihadi kwa kuwatumikia, alikuwa mwanamume. Basi ni nani aliyetufundisha kuwa kuuguza ni kazi ya wanawake? Si Mtume. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia ahali zake. Hayo yamo katika Bukhari. Hii ni ada yetu, tumeivika kanzu ya dini.

Ama mkaza mwana, dhulma yake ni kubwa zaidi, kwani dada angalau ni mama yake. Wanaume wengi huoa, kisha humkabidhi mke mgonjwa kama amkabidhivyo ufunguo, na akilalamika huambiwa hana adabu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mke hakuwajibishwa hata kumpikia na kumfulia mumewe. Akifanya, ni ihsani yake. Basi vipi atawajibishwa kumuogesha mavyaa wake? Akifanya kwa mapenzi, ana malipo makubwa kwa Mola wake, na mume ana deni la shukrani. Akishindwa, hana dhambi. Mwenye dhambi ni aliyeuhamisha wajibu wake akautua juu ya mabega yasiyokuwa yake.

Watasema: mama ana sitara yake, mwanamume hawezi kumuogesha. Ni kweli, katika kumsafisha na kumvika bora awe ni mwanamke, ila ikiwa hapana budi. Lakini kumuogesha ni saa moja. Siku ina saa ishirini na nne. Ni sitara gani inayokuzuia kumlisha uji, na mgonjwa, kama wasemavyo, haulizwi uji? Ni sitara gani inayokuzuia kukesha naye usiku mmoja katika wiki ili dada yako alale? Kumpeleka kwa daktari, kununua dawa, kufua mashuka, kufunga milango, kukaa naye akisema neno lile lile mara mia, kuna sitara gani ndani yake?

Watasema: sisi tuko mbali, mmoja yuko Nairobi, mmoja Uarabuni, mmoja Uingereza. Twasema: fedha ni sehemu ya wajibu, na wanavyuoni wetu wameeleza kuwa nafaka ya wazazi wahitaji ni juu ya watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike, na kuwa mgonjwa mwenye kuhitaji mtumishi, mtumishi huyo ameingia katika nafaka. Basi peleka fedha za kumtosha mama, na za kumuajiri msaidizi, na za huyo dada aliyeacha chumo lake, wala usimhesabie kana kwamba wampa sadaka. Na msaidizi naye apewe ujira wake kwa wakati na apewe mapumziko, isiwe tumemvua mwanamke mmoja mzigo tukamtwika mwengine aliye maskini zaidi. Kisha ukipata likizo, usije kuwa mgeni wa kupikiwa. Njoo uishike zamu, umwambie dada yako aende anakotaka.

Na hapa pana jambo la kuogopesha. Muuguzi aliyeachwa peke yake miaka mitano, siku moja uvumilivu humwisha, akapaza sauti, akamvuta mkono mama kwa nguvu, au akamfungia chumbani ili alale saa mbili. Hilo ni kosa, hatulihalalishi, na mwenye kulifanya atubie. Lakini Mola wetu, mwisho wa Sura ya Baqara, ametujulisha kuwa hailazimishi nafsi ila iwezavyo. Basi ikiwa Mwenyezi Mungu hakumtwika mwanamke huyu zaidi ya uwezo wake, ni nani aliyemtwika? Tunahofia kuwa neno la kuchoshwa alilolitamka yeye litaandikwa pia katika madaftari ya ndugu zake wanne ambao hawakulitamka, kwa kuwa hawakuwapo.

Kuna jambo la mali nalo halifai kunyamaziwa. Husikika kuwa mama ameshikwa kidole akatiwa wino, kikapigwa chapa katika karatasi za nyumba, naye hajui ni karatasi gani. Mauzo na zawadi ya mtu asiye na akili ni batili katika Sharia, hata kama wakili ameweka muhuri wake. Na sheria ya nchi, tangu ile Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, imeweka njia ya mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa wa akili. Mwenye kumpora dada yake na ndugu zake kwa kidole cha mama aliyelala, amekula moto, na zaidi ikiwa huyo dada ndiye aliyemuuguza.

Tukimaliza hayo, tuwatazame pia mabinti zetu walio wadogo leo, ambao ndio vikongwe wa miaka sitini ijayo. Mwaka 2024 wataalamu walioandika katika jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayozidisha hatari ya ugonjwa huu, wakakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepukana nao au kucheleweshewa lau mambo hayo yangetengenezwa. Miongoni mwao ni shinikizo la damu, sukari, unene, uziwi usiotibiwa, tumbaku, kukaa bila ya kutembea, upweke, na elimu ndogo utotoni. Tazameni orodha hiyo, kisha mutazame tulivyowalea wanawake wetu. Tumewanyima kusoma, tumewakalisha ndani wasitembee, na wakifiwa na waume tumewaacha na upweke wao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyetoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 mjini Mombasa, aliwahimiza Waislamu wa pwani wajifunze na wawafunze wana wao, wa kiume na wa kike. Leo tumejua kuwa kumfunza mtoto wa kike humlinda pia akili yake ya uzeeni.

Basi jibu letu kwa muulizaji ni hili. Kwenda kwa mama yako kungali ni wajibu, ajapokuita kwa jina la mjomba wako. Ukiitwa hivyo, itika. Fedha unazopeleka ni wema, lakini ni sehemu ya deni, si deni lote. Rudi nyumbani, waite ndugu zako wa kiume na wa kike, mkae kikao kimoja, na aliye mbali aitwe kwa simu. Andikeni: nani ana usiku gani, nani ana siku gani, nani atoa nini, na dada apumzike siku zipi. Mwanzo wa kikao hicho muulizeni yeye kwanza, yeye mwenyewe, atakalo. Huenda ikawa ni mara ya kwanza kuulizwa.

Na maimamu wa misikiti yetu, khutba za wazazi zisiishie kuwaliza watu kwa visa vya mama. Waulizeni wanaume waliokaa mbele yenu: usiku wa jana, nani alikesha?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atukinge na umri dhalili. Awarehemu mama zetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo tusiojua kitu, awape nguvu na mapumziko wanaowauguza, na atuamshe sisi wenye akili kamili, ambao kalamu ingali juu yetu.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum.